Tuhame vivinjari vinavyotufuatilia, au bando kwanza?

Mkazi wa Tabata:
Wakuu, juzi usiku nilitafuta kwenye simu dawa ya bawasiri. Msicheke. Asubuhi niko ofisini Posta, nafungua matokeo ya ligi, bosi kasimama nyuma yangu: tangazo la bawasiri limejaa kioo kizima. Kumbe simu na kompyuta zote nimeingia kwa akaunti moja. Nimejikaanga kwa mafuta yangu.

Mimi nasema tuhame vivinjari, yaani hizi programu za kufungulia tovuti. Kivinjari cha Safari, cha Apple, kinazuia vidakuzi vya wafuatiliaji wa nje tangu 2020, yaani vile vifaili vidogo vinavyoachwa kwenye simu yako ili wakutambue ukienda tovuti nyingine. Firefox tangu 2022 imevitenga, kila tovuti na kopo lake. Chrome ya Google waliahidi kuviondoa, 2024 wakageuka. Na hali fiche (incognito) isikudanganye, inafuta historia kwenye simu yako tu. Google walishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa jambo hilo hilo, wakaishia kukubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu.

Muuza vitenge, Kariakoo:
Pole kaka na bawasiri. Mimi na Opera Mini yangu hatuachani, inabana kurasa, bando la wiki linafika wiki. Halafu hayo matangazo unayoyalaani ndiyo yananiletea wateja. Nalipia yawafikie wanaotafuta vitenge. Mkizuia yote nimtangazie nani, kunguru wa Feri?

Fundi simu:
Dada, inabana kwa sababu kurasa zinapita kwanza kwenye seva zao. Wanaona unachosoma, hiyo ndiyo nauli yenyewe. Na wewe wa Tabata, kuhama hakutoshi. Ukubwa wa kioo, fonti, lugha, majira ya saa, vikijumlishwa vinakutambulisha bila kidakuzi hata kimoja. EFF, shirika la Marekani la kutetea haki za mtandaoni, walipima mwaka 2010, zaidi ya asilimia 80 ya vivinjari havikufanana na kingine chochote. VPN, ile programu ya kupitishia intaneti yako kwenye seva nyingine, nayo inaficha anwani ya mtandao ya simu yako, lakini ukiingia kwenye akaunti yako umeshajitaja jina. Anza kwa kutoka kwenye akaunti.

Mkazi wa Tabata:
Hapo fundi umenishika. Lakini dada, tangazo la vitenge si liwekwe kwenye ukurasa wa mishono? Halina haja ya kujua nilichotafuta usiku. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Tume ipo. Lakini tovuti zikiomba ruhusa ya vidakuzi, "Kubali zote" ina kitufe kama sahani ya pilau, "Kataa" unaitafuta kurasa tatu. Hiyo ni ridhaa au mtego?

Muuza vitenge, Kariakoo:
Vitenge sawa, nimekubali. Na tangazo la bawasiri tuliweke ukurasa gani, kaka?