Tupeane uzoefu: mikono na bunduki zinazogoma kutoka Blender kwenda Godot

Kiwiko
Wakuu, jana mtu aliuliza kwa nini bastola inaonekana ndogo kama njugu kiganjani akihamisha mikono kutoka Blender (programu ya kuchora 3D) kwenda Godot (injini ya michezo), na swali hilo limenigusa. Kabla ya yote, skeli. Chagua kiunzi cha mifupa, bonyeza N, tazama Scale. Kama si 1, 1, 1, silaha utakayoiweka chini ya BoneAttachment3D (nodi ya Godot inayobandika kitu kwenye mfupa) inarithi skeli hiyo hiyo. Bonyeza Ctrl+A uchague Scale, irudi 1, kabla ya kuhuisha hata fremu moja. Ukishachelewa, mizunguko ya mifupa inabaki salama ila kusogea kunaharibika, maana namba za Location hazibadiliki pamoja na kiunzi. Kama skeli ilikuwa 0.1, ingia kwenye grafu (Graph Editor), chagua mistari ya Location peke yake, weka kishale kwenye sifuri na ukifanye kitovu, kisha bonyeza S, Y, andika 0.1.

Fremu24
Kweli kabisa. Na Blender inaanza na fremu 24 kwa sekunde, Godot inaingiza kwa 30. Panga 30 mwanzoni.

MkonoWaKushoto
Hayo yote madogo. Balaa lenyewe ni magazini (kasha la risasi) wakati wa kujaza risasi. Mkono wa kushoto unaichomoa, unaishusha nje ya skrini, unaleta mpya, unaipachika. Kwa hiyo mfupa wa magazini una wazazi wawili kwa zamu. Watu wanaufanya mtoto wa mfupa wa bunduki, halafu wanaongeza Child Of (kizuizi kinachoufanya mfupa ufuate mfupa mwingine) ya bunduki juu yake. Matokeo: bunduki ikiinama nyuzi 10, magazini inainama 20, inatoboa ubavu wa bunduki. Mfupa wa magazini uwe mtoto wa mfupa wa mzizi tu, basi. Kisha mpe Child Of mbili, moja ya bunduki, moja ya kiganja cha kushoto. Tuseme vidole vinaikamata fremu ya 19: hadi 18 Influence (nguvu ya kizuizi) ya bunduki iko 1 na ya kiganja 0, kwenye 19 zinabadilishana. Funguo hizo (thamani zilizowekwa kwenye fremu) ziwe Constant, yaani zibadilike ghafla. Ukiziacha Bezier (zibadilike taratibu), na funguo zako ziko mbali, magazini inaelea hewani katikati ya bunduki na mkono. "Set Inverse" ya kiganja (kitufe kinachozuia mfupa usiruke unapopata mzazi) ibonyezwe ukiwa fremu ile ile ya kukamata. Ukiibonyeza fremu ya 1, magazini inaruka umbali wa shibiri nzima. Ikiwa bado imesogea kidogo, irudishe ilipokuwa kwenye 18 na uweke ufunguo hapo. Mwisho tumia Bake Action na Visual Keying (kuoka, yaani kugeuza matokeo ya vizuizi kuwa funguo), ndipo uhamishe.

Kiwiko
Bake ya nini, mkuu? Kihamishaji cha glTF (aina ya faili la kupeleka modeli Godot) kinasoma kila fremu chenyewe, vizuizi na IK (mkono kujikunja wenyewe kufuata kiganja) vikiwemo. Kuoka kunakuachia ufunguo kila fremu kwenye kila mfupa, na kesho huwezi kurekebisha kiwiko kimoja.

MkonoWaKushoto
Kinasoma kama chaguo la sampuli limewashwa. Mtu akilizima ili faili liwe dogo, IK yote inapotea na mikono inabaki imenyooka. Oka kwenye nakala, faili la asili liache na vizuizi vyake. Hapo kuna hasara gani?

Kiwiko
Nakala sawa. Ila usimwambie mgeni aoke faili lake la pekee.

Ngao
Mnagombana na wengine hata animesheni hazijahifadhiwa. Kitendo (Action, yaani animesheni moja) kisicho na mtumiaji, kisichotumika popote, Blender inakitupa ukifunga faili. Bonyeza alama ya ngao pembeni ya jina la kila kitendo: kuchomoa, kufyatua, kujaza, kusimama. Kile cha kusimama kiishie na "-loop" kwenye jina, Godot itakizungusha yenyewe.

Mtutu
Je, mkono wa kushoto unaotetemeka juu ya bunduki wakati Blender umetulia?

MkonoWaKushoto
Ni kipunguza funguo cha Godot (Optimizer). Bunduki na kiganja cha kushoto vinapita minyororo tofauti ya mifupa, kosa dogo begani linafika kidoleni likiwa kubwa. Fungua mipangilio ya kina ya uingizaji (Advanced Import Settings), chagua AnimationPlayer (nodi inayocheza animesheni), zima Optimizer, ingiza upya.

Fremu24
Na mikono inayotoweka ukitazama juu?

Ngao
Punguza Near ya kamera (umbali wa karibu zaidi inaochora), kutoka 0.05 hadi 0.01.

Kiwiko
Hapana. Near inakata kipande kilicho karibu na kamera, unaona ndani ya mkono ulio wazi. Mkono wote ukitoweka ghafla, ni sanduku la mipaka ya meshi (umbo la mikono linaloonekana) limetoka kwenye upeo wa kamera, na Godot haichori. Ongeza Extra Cull Margin (nafasi ya ziada kuzunguka sanduku hilo) kwenye meshi ya mikono, anza na mita 1. Near ukiishusha ovyo, kuta za mbali zinaweza kuanza kumemeta.

Mtutu
Nimezima Optimizer, kiganja kimetulia. Sasa kifundo kinajisokota kama karatasi ya pipi nikigeuza bunduki ubavu.

MkonoWaKushoto
Ongeza mfupa katikati ya kigasha, upe kizuizi cha Copy Rotation (kunakili mzunguko) ya kiganja kwenye Y pekee, Influence 0.5, na pande zote mbili ziwe Local Space. Kisha paka uzito (kiasi ambacho kila mfupa unavuta ngozi) upya kati ya kiwiko na kifundo, na Limit Total (idadi ya juu ya mifupa inayovuta kila nukta) iwe 4.