Tupeane uzoefu: mliosaini mkataba na kampuni Mtwara na Lindi, ilikuwaje?

Fundi wa Chuno: Wakuu, msimu wa korosho unakaribia, maghala yanaita watu. Wengi tunapatana kwa simu, "njoo tutaelewana." Aliyewahi kusaini aseme karatasi ilimsaidia wapi, ilimbana wapi. Naanza. Nilifanya wayaringi ya ghala moja hapa mjini, mkataba ukurasa mmoja. Mstari uliofanya kazi ni huu: "Nje ya taa na soketi zilizotajwa, bei mpya." Kazi ikiwa nusu wakataka na taa za uzio, eti ni kitu kidogo. Nikawaonyesha mstari. Walilipa, ila kwa kununa.

Fuso Masasi: Mimi nabeba korosho toka AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kwenda ghala kuu. Mkataba wa kwanza uliandikwa "utalipwa mzigo ukipokelewa." Gari likakaa foleni hadi dereva akaanza kukopa chakula kwa mama ntilie, na bosi anasema mzigo haujapokelewa! Sasa sisaini bila kuandikwa kwamba siku ya foleni ina pesa yake.

Dada Mhasibu, Lindi: Mkikuta hela pungufu msigombane kwanza. Kampuni hukata asilimia 5 ya ada ya huduma, ni kodi ya zuio. Daini cheti chake, kinahesabika kwenye kodi yenu ya mwaka.

Nachingwea Kwetu: Kuna kiwanda tulisainishwa "mkandarasi huru", lakini kuingia saa moja, ruhusa kwa supavaiza, mashine zao. Uhuru gani huo? Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inakuhesabu mwajiriwa hata karatasi iseme vingine, kama unapangiwa saa na namna ya kufanya kazi au vifaa ni vyao, mpaka wathibitishe kinyume. Ukiachishwa, kimbilia CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ndani ya siku 30. Mwenzetu mmoja alienda, wengine tuliogopa kukosa msimu ujao.

Fundi wa Chuno: Na sisi wa simu tu?

Dada Mhasibu, Lindi: Mdomo nao ni mkataba, tabu ni ushahidi. Mkimaliza kuongea mtumie meseji: "Bosi, tumekubaliana kazi hii, bei hii, nusu kwanza." Akijibu "sawa", usiifute. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe huo kuwa ushahidi.

Fundi wa Chuno: @Fuso Masasi, siku ya foleni unalipwaje?

Fuso Masasi: Posho ya dereva na utingo tu. Ya gari walikataa, nikaipandishia kwenye bei ya kubeba gunia.