MJADALA: Maduka ya kale ya tumbaku ya kiko Marekani yasamehewe sheria inayokataza tumbaku yenye ladha, au sheria ni msumeno?

Mwanzisha mada (Massachusetts)

Wadau, salaam. Niweke wazi mapema kwamba mimi sivuti. Aliyekuwa na kiko ni babu mzaa mama kule Muheza, na hata kukishika hakuniruhusu. Nasema hivyo asije mtu akaniambia natetea starehe yangu.

Huku ninakoishi kuna duka liko Harvard Square, Cambridge, linaitwa Leavitt & Peirce. Lilifunguliwa 1883, linatazamana na Chuo Kikuu cha Harvard. Ukutani wametundika makasia ya timu za mashua na picha za vijana wa enzi hizo wenye masharubu. Ng'ambo ya mto, mjini Boston, L.J. Peretti ilianza 1870. Chicago kuna Iwan Ries ya tangu 1857, yaani vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuta duka limeshafunguliwa.

Ukiacha viko vyenyewe, heshima ya maduka haya ni mchanganyiko wa duka. Nieleze kidogo kwa aliyezoea sigara za pakiti. Nyuma ya kaunta kuna mitungi ya kioo. Huu una Virginia, majani ya njano yenye utamu kama wa nyasi kavu. Ule una burley ya kahawia, haina utamu, inanukia kama karanga za kukaanga. Pale Latakia ya Cyprus, nyeusi tii, imekaushwa kwa moshi wa kuni mpaka inanuka kama kanga ya mtu aliyeshinda jikoni siku ya harusi. Na perique, inayotoka parokia moja (huko ni kama wilaya) ya St. James kule Louisiana, ambako majani hushindiliwa ndani ya mapipa ya wiski yakachacha kwa miezi. Muuzaji anachota hapa kidogo, pale zaidi, anapima kwa aunsi, anavuruga kwa vidole, anafunga kwenye mfuko na kubandika jina. Yapo maduka yanayotunza kadi ya kila mteja wa siku nyingi: mzee fulani, sehemu ngapi za hiki na ngapi za kile. Mzee anafariki, kadi inabaki kwenye droo.

Nimewahi kusimama nikaangalia mmoja akifanya kazi hiyo. Kabla ya kubandika lebo alinusa vidole vyake, akatikisa kichwa, akarudisha mkono kwenye mtungi wa pili na kuongeza kibanzi kidogo tu. Mizani haikusogea hata. Akanusa tena, ndipo akafunga.

Sasa sheria. Novemba 2019 jimbo la Massachusetts lilipiga marufuku uuzaji wa tumbaku yote yenye ladha, na tangu 1 Juni 2020 ikashika mpaka sigara za mentholi. Walengwa wakubwa walikuwa vijana na vepu zao, zile sigara za kielektroniki. Lakini kokoro likivutwa halichagui: vanila, cheri, wiski, vyote vikatoka kwenye mitungi ya maduka haya. Walioruhusiwa kuendelea kuuza ni baa zenye leseni, ambako mteja anavutia hapohapo. California walipofika kwenye jambo hilohilo, wananchi wakapiga kura Novemba 2022 na sheria ikaanza Desemba, lakini tumbaku ya kiko waliiacha nje, pamoja na shisha na zile sigara nene za bei mbaya.

Kwangu mimi California waliona mbali. Kijana wa miaka 15 hanunui kiko, akae nusu saa akikishindilia na kukiwasha upya mara sita. Mnasemaje?

Muuguzi (Minnesota)

Kaka, umeandika vizuri mpaka karibu nitamani, na hapo ndipo penye tatizo.

Nafanya kazi wodini. Ripoti ya mganga mkuu wa serikali ya Marekani ya 1964, ile maarufu ya sigara, ilishasema kwamba kiko kinasababisha kansa ya mdomo wa nje, pale kinapolalia kila siku. Mnajitetea kwamba mvuta kiko hamezi moshi. Wengi hawamezi, kweli, na mapafu yao yanapata nafuu kuliko ya mvuta sigara. Nafuu siyo salama. Mdomo, ulimi na koo havijui kama duka lilifunguliwa 1883 au jana asubuhi.

Halafu hiyo vanila. Mzee aliyevuta miaka 40 anataka Latakia yake inayonuka jiko. Anayetaka vanila ni anayeanza, au anayetaka mkewe asimfukuze sebuleni. Ukiondoa ladha, unamwondolea anayeanza ngazi ya kupandia. Mnaita utamaduni, mimi naona sukari juu ya kidonge.

Mdau wa Chicago

Dada muuguzi, heshima yako. Mimi navuta kiko, kwa hiyo nipigwe mawe polepole.

Iwan Ries nimeingia mara nyingi. Iko ghorofani mtaa wa Wabash, kwenye jengo la wasanifu Adler na Sullivan la miaka ya 1880, na treni ya juu inapita karibu na madirisha. Jimbo letu la Illinois walipokataza kuvuta ndani ya majengo ya umma mwaka 2008, maduka ambayo mapato yake karibu yote ni tumbaku yaliachwa. Kwa hiyo msamaha siyo kitu kigeni huku.

Lakini mwanzisha mada, umeonyesha upande mmoja wa kaunta. Ukweli ambao wavutaji wote wanaujua ni huu: sehemu kubwa ya hiyo inayoitwa mchanganyiko wa duka inafika na lori kutoka kiwandani, imeshachanganywa, imeshatiwa ladha. Kiwanda cha Lane wanayo moja inaitwa 1-Q, Cavendish nyeusi (jani lililoivishwa kwa mvuke na kutiwa utamu) na Virginia yenye vanila, ni kati ya zinazouzwa zaidi kwa kupima Marekani nzima. Duka linamimina kwenye mtungi, linaipa jina la mtaa au la mbwa wa mwenye duka, kazi imeisha. Niliwahi kununua "siri ya nyumba" katika miji mitatu tofauti. Nikazitandaza kwenye visahani vitatu, nikamwita mke wangu anuse bila kumwambia kitu. Akaniuliza kwa nini nimegawa tumbaku moja mara tatu.

Huyo anayenusa vidole yupo, tena nampenda. Tatizo ni kwamba kwenye lebo hutamtofautisha na anayemimina.

Mwanzisha mada

Mkuu umenipiga pabaya. Hiyo ya visahani imeniingia.

Ila angalia na upande wa serikali kuu. Mwaka 2016 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huku, walipanua mamlaka yao mpaka kwenye tumbaku ya kiko, kanuni ikaanza tarehe 8 Agosti. Na sheria ya 2009 inamhesabu kama mtengenezaji hata yule anayeunganisha au kubandika lebo tu. Kwa hiyo muuzaji anayevuruga aunsi mbili kwenye bakuli akajikuta kundi moja na kiwanda: kujisajili, kuorodhesha viambato, makaratasi juu ya makaratasi. Cha ajabu zaidi ni tarehe. Kilichokuwa sokoni 15 Februari 2007 kiliachwa kiendelee, mradi uweze kuthibitisha. Kilichobuniwa baada ya hapo kinahitaji kibali. Yaani mapishi ya marehemu ni halali, na muuzaji kijana mwenye pua nzuri akibuni lake anavunja sheria! Wanahifadhi kadi za kwenye droo halafu wanamfunga mikono aliye hai.

Mtu wa kodi (Nairobi)

Wacha nitie neno, maana naona mnabishana kuhusu harufu na mimi naona mwanya wa kodi.

Aprili 2009 Marekani walipandisha ushuru wa tumbaku. Ile ya kujisokotea sigara ikatoka dola 1.10 hivi kwa paundi hadi dola 24.78. Ya kiko, iliyokuwa inalipa kiasi hichohicho, ikapanda hadi dola 2.83 tu. Sasa wewe ni mwenye kiwanda, una ghala limejaa ya kujisokotea. Unafanya nini? Unachapisha mfuko mpya wenye neno "kiko". Wakaguzi wa Bunge lao walihesabu: Januari 2009 iliuzwa kama paundi 240,000 za tumbaku ya kiko kwa mwezi. Septemba 2011, zaidi ya milioni 3. Wazee wenye masharubu hawakuzaliwa wengi namna hiyo ndani ya miaka isiyofika mitatu.

Kwa hivyo mkisema "tumbaku ya kiko isamehewe", mimi nauliza ipi? Huruma mliyonayo kwa yule anayenusa vidole itapitishiwa makontena. California waliliona hilo, wakaandika kwamba inayofaa kusokotea sigara haiingii kwenye msamaha. Hata hivyo, anayeamua inafaa au haifai ni nani, na anaamua kwa kipimo gani? Ukitaka kusamehe, samehe kitendo. Usisamehe neno.

Mkulima (Urambo)

Shikamooni wakubwa. Nimesoma yote haya na binti yangu akinicheka, maana nilimuuliza Cavendish ni kabila gani.

Sisi huku tunalima tumbaku ya mvuke, ndiyo hiyo Virginia yenu ya njano. Ndugu zetu wa Ruvuma wana ya moshi. Malawi ndio mabingwa wa ya hewa, hiyo burley. Nieleze kaunta yetu na sisi. Unakata kuni mapema. Unapakia bani, yaani banda la kukaushia, unakesha siku kadhaa ukichochea, moto ukizidi usiku mmoja jani linaungua na rangi inakataa. Ukishatoa unapanga kwa madaraja, unafunga robota, unapeleka chama cha msingi. Mteuzi anakuja, anachomoa konzi ya majani, anakunja, ananusa. Naye ananusa! Sekunde chache, anaandika daraja, na msimu wako wote umeshasemwa. Ukibisha ni hadi robota lirudi nyuma.

Kwa hiyo pua ninazijua. Huyo wa Boston akinusa anaongeza kibanzi. Wa kwetu akinusa anapunguza bei. Robota likipanda lori, jina la Urambo linashuka palepale.

Na dada muuguzi ana haki. Vijana wetu wakati wa kuvuna wanatapika kwa sababu ya maji ya jani mbichi kuingia kwenye ngozi, na miti ya miombo imeisha kwa ajili ya mabani. Hilo sijaona jimbo lolote la Marekani likiliwekea tarehe.

Muuguzi

Mzee, marahaba. Hapo umesema kitu ambacho sote tumekiruka. Ugonjwa huo wa majani mabichi ni sumu ya nikotini, inapita kwenye ngozi yenye unyevu. Waambie vijana wasivune kukiwa na umande, na wavae mikono mirefu. Kama yapo makoti ya mvua, bora zaidi.

Mwanzisha mada

Nimebadilika nusu, niseme ukweli. Nilianza na umri wa duka. Sasa naona umri hauna maana, duka la 1857 linaweza kumimina na la mwaka jana likachanganya. Mtu wa kodi amenipa njia: isamehewe kazi inayofanyika kaunta, mbele ya mteja aliyetimiza miaka 21, kwa kiasi cha aunsi chache, isitumwe kwa posta. Na mwenye kaunta aruhusiwe kubuni. Kuhusu vanila, dada, sina jibu zuri. Nakubali kwamba mzee haihitaji.

Mdau wa Chicago

Nitakubana kidogo. Nikichukua mtungi wa kiwandani, nikaongeza konzi moja ya burley mbele ya mteja, nimechanganya au nimeigiza? Mkaguzi ataandika nini kwenye fomu yake?

Mtu wa kodi

Ataandika alichooneshwa. Ndiyo maana mimi bado nasema hapana.

Mkulima

Naomba mmoja wenu siku akipita kwenye hayo maduka, aangalie ule mtungi wa njano, aniambie umeandikwa jani limetoka wapi.

Mwanzisha mada

Mzee, mara nyingi nimeona mitungi hiyo. Inaandikwa "Virginia", basi.

Mkulima

Virginia. Nimeilima miaka 19 na nauli ya kufika huko sina.