Naombeni ushauri: mdogo wangu anaishi kwa maneno ya anime, anataka kurisiti mara ya tatu

FundiWaKimanga
Habari za jioni wakuu. Mnivumilie, nitaandika kwa urefu kidogo.

Naishi Tabata Kimanga, ni fundi cherehani, na nakaa na mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 21. Mama yuko Muheza. Baba alishatangulia mbele ya haki.

Mdogo wangu alisoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, ndoto yake udaktari. Kidato cha sita 2024 akapata S ya Fizikia, yaani chini ya principal pass. Akarisiti 2025, S tena. Kemia na Baiolojia hana shida nazo. Sasa anataka kurisiti mara ya tatu, na kila nikimuuliza kama hakuna njia nyingine ananionyesha ukuta. Juu ya kitanda chake amebandika karatasi za daftari, ameandika kwa maka peni maneno ya katuni za Kijapani, hizi anime, ambazo anajaziwa kwenye flashi pale kibanda cha muvi. Nimeyanakili alivyoyaandika:

"Bidii humshinda mwenye kipaji."
"Usipopigana huwezi kushinda."
"Ukikata tamaa, hapo ndipo mchezo unaisha."
"Huwezi kupata kitu bila kutoa kitu chenye thamani sawa."
"Si vibaya kuwaacha wanaokupenda wakusaidie."

Siyapingi. Enzi nashonea barazani kwa cherehani ya kuazima, maneno kama hayo yangenifaa sana. Ila usiku anaamka saa tisa, anafungua daftari la Fizikia, nikichungulia namkuta ametulia tu anatazama ukuta. Amekonda. Hela ya tuisheni nitaitafuta, hiyo si hoja. Ninachoogopa ni kwamba nikimwambia abadilishe njia, atasikia nimemwambia yeye ni wa kushindwa. Kwa mnaozijua hizi anime: hayo maneno kweli yanamwambia asigeuke? Na nizungumze naye vipi?

Mzee_Buguruni
Mwanangu, bandua hizo karatasi. Mtu mzima wa miaka 21 haongozwi na katuni. Mtafutie shughuli ya kufanya, akichoka mwili akili itatulia.

FundiWaKimanga
Shikamoo mzee wangu. Kuhusu shughuli nimekuelewa. Karatasi sitazibandua. Matokeo ya mwaka jana yalipotoka hakula siku mbili, na kilichomtoa kitandani ni hizo katuni. Mimi niliongea, mama aliongea kwenye simu, shekhe alikuja. Hakuinuka kwa maneno yetu.

Kage_wa_Temeke
Dada, umefanya jambo kubwa kuyanakili badala ya kuyacheka. Naruto nimeianza nikiwa sekondari, sasa nina mke na mtoto na bado naikumbuka. Nizungumzie hilo la kwanza, kwa sababu nadhani ndilo lililomshika mdogo wako, na nadhani amelisoma nusu.

Ni msimamo wa Rock Lee, mhusika wa Naruto, hadithi ya michoro ya Masashi Kishimoto iliyotoka Japani kuanzia 1999 hadi 2014. Lee anataka kuwa ninja lakini hana uwezo wa ninjutsu wala genjutsu, yaani zile mbinu za kutema moto, kujigawa, kumtia mtu mazingaombwe. Wenzake wanamcheka. Sasa alifanya nini? Wengi tunapita hapa haraka tukakimbilia mapigano. Hakukaa miaka anajaribu kutema moto. Aliliacha hilo kabisa. Alishika kile kimoja alichobaki nacho, taijutsu, mapigano ya mikono na miguu, akafundishwa na mwalimu wake Guy mpaka akawa anafanya mazoezi na vyuma vizito vimefungwa miguuni. Siku anavivua kwenye pambano na mpinzani wake Gaara, vinaanguka chini kwa kishindo watu hawaamini macho yao, na ule mchanga unaomkinga Gaara unashindwa kumfuata Lee kwa kasi. Alichosema tangu mwanzo ni kwamba atakuwa ninja bora bila ninjutsu. Uninja hakuuacha. Mlango ndio aliubadilisha.

Na pambano lile alishindwa, dada. Mkono na mguu wa kushoto vilisagwa, akaambiwa aachane na kazi ya uninja, na upasuaji ulikuwa na nafasi nusu kwa nusu. Hakuamua peke yake usiku. Alilia mbele ya mwalimu wake, na Guy akakaa naye mpaka akaweza kuamua.

Kwa hiyo usimpinge Lee. Mwombe akuonyeshe sehemu hizo, mtazame wote, kisha umuulize: hivi Lee ninjutsu alijifunza lini?

Tabibu_wa_zamu
Nimesoma hili la Kage nikiwa kazini, nikarudia kulisoma. Mimi anime sizijui sana, ila maisha hayo nayajua. Nilipiga PCB, Fizikia ikagoma. Nilichukua vyeti vyangu vya kidato cha nne nikaomba diploma ya utabibu, miaka mitatu, na leo wagonjwa wananiita daktari ingawa mimi ni tabibu. Nimeshona vidonda, nimetibu watoto wenye malaria kali, nimepokea wajawazito usiku wa manane.

Dada, matokeo yake ya kidato cha nne yakoje? Diploma hiyo inaangalia ufaulu wa kidato cha nne, zikiwemo Fizikia, Kemia na Baiolojia. S ya kidato cha sita haimzuii. Digrii ya udaktari ndiyo inayodai principal pass (A hadi E) zote tatu. Na mwenye diploma akifaulu vizuri anaweza kuomba digrii baadaye kwa kutumia hiyo diploma. Fungueni mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, msome vigezo vya mwaka husika wenyewe, msitegemee maneno ya mtu wa mtandaoni, hata mimi.

FundiWaKimanga
Kidato cha nne ana Divisheni ya Pili. Fizikia C, Kemia B, Baiolojia B. Sikuwahi kuambiwa hili, na nadhani hata yeye hajawahi kulifikiria, au amelifikiria akaona ni kushuka.

Kikapu_Upanga
Naomba nitofautiane kidogo na waliotangulia. Kurisiti mara ya tatu si dhambi. Binamu yangu alipata mara ya tatu na sasa yuko chuo.

Hilo la mchezo kuisha ni la kocha Anzai wa Slam Dunk, hadithi ya mpira wa kikapu ya Takehiko Inoue, ilianza 1990 ikaisha 1996. Sisi tunaocheza kikapu tunalijua kama sala. Lakini aliyeishia kwenye anime hajaona mwisho, kwa sababu anime ya kwenye TV ilikoma kabla ya mashindano ya taifa. Kwenye vitabu, Shohoku, timu ya Anzai, wanawatoa Sannoh, timu ya kutisha, kwa kutokata tamaa hasa. Halafu mechi inayofuata wanafungwa vibaya na kurudi nyumbani. Kombe hawakubeba. Nilipofika hapo mara ya kwanza niliumia, ila sasa naona Inoue alitendea haki maneno ya kocha: mchezo usiukatie tamaa ukiwa bado unachezwa, na ukiisha, uache uishe. Mchezaji wao Sakuragi aliyeumia mgongo kwenye mechi ya Sannoh tunamwacha akiwa kwenye matibabu, anapanga kurudi uwanjani.

Ushauri wangu: muulize mdogo wako safari hii atasoma Fizikia kwa namna gani tofauti. Nani atamfundisha? Anakosea wapi, umeme au mekanika? Apewe pepa za miaka iliyopita, afanye kwa saa, mwalimu asahihishe. Alama zikipanda, mpe baraka zote. Akikosa jibu zaidi ya "nitaongeza bidii", basi hakuna kitu kipya hapo. Kuamka saa tisa kutazama ukuta ni kuchoka, si bidii.

Shiganshina_Mbagala
La pili ni la Eren wa anime ya Attack on Titan, alimwambia mwenzake Mikasa wakiwa watoto, yeye amekabwa koo na watekaji. Pale lilikuwa kweli tupu, maana wasingepigana wangekufa au kuuzwa. Lakini mwambie mdogo wako amkumbuke Eren wa mwisho. Neno lile lile la kupigana alilibeba bila kulipima tena mpaka akaiangamiza sehemu kubwa ya dunia, na waliompenda ndio waliolazimika kumzuia. Nimeitazama yote na bado inaniuma.

Kage_wa_Temeke
Umesema vema. Na hilo la nne, la kutoa ili upate, ni la Fullmetal Alchemist ya Hiromu Arakawa. Dada, usiogope neno "kutoa" ukidhani linamaanisha afya yake. Edward mwishoni alitaka kumrudisha mdogo wake Alphonse katika mwili wake. Alichotoa ni alkemia yenyewe, ule uwezo wa kubadilisha vitu, kipaji kilichompa jina tangu utotoni. Alikiachia mwenyewe, na akaondoka mtu mwenye furaha.

Binti_Kigamboni
Wote mmeliruka la tano. Hilo si la Kijapani, ni la mzee Iroh wa Avatar: The Last Airbender, iliyotengenezwa Marekani na kuonyeshwa kuanzia 2005. Silisemi ili kubishana kama ni anime au si anime, tumeshabishana vya kutosha kwenye nyuzi nyingine. Nalisema kwa sababu ya aliyeambiwa. Iroh alikuwa anakunywa chai na Toph, binti asiyeona, ambaye muda wote anataka kuonyesha kwamba anajiweza na akawakimbia wenzake kwa sababu hiyo. Ndipo mzee akamwambia si vibaya kuwaacha wanaokupenda wakusaidie.

Dada, angalia ukuta huo tena. Manne ni ya vita. Moja ni la mtu anayetaka kusaidiwa na hajui aanzie wapi. Kaliandika mwenyewe kwa mkono wake na kalibandika mahali ambapo wewe unapita kila siku. Mimi ningeanzia hapo, kabla ya Lee, kabla ya diploma.

FundiWaKimanga
Binti_Kigamboni, nimesoma maneno yako nikiwa kwenye cherehani, nikasimamisha kazi.

Mzee_Buguruni
Nami nimesoma yote. Ziache karatasi, mwanangu.

FundiWaKimanga
Wakuu, imepita wiki, nimerudi.

Jumapili nilifunga mapema nikapika wali wa nazi na dagaa wa mchele, anaowapenda. Nikamwambia lile la Iroh limenigusa. Akaniangalia kama ameona mzimu. "Dada, Iroh umemjulia wapi?" Nikamweleza ukweli, kwamba nimewauliza watu. Sikutaja mtihani. Nikamwomba anionyeshe Lee. Tulitazama pambano na Gaara kwenye simu yake, vyuma vilipoanguka nikapiga kelele na jirani akaja kuuliza kuna nini.

Mwisho nikamuuliza swali la Kage. Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Hakujifunza." Halafu akalia, na mimi nikalia, chakula kikapoa.

Tulizungumza mpaka saa sita usiku. Diploma alikuwa anaijua. Aliogopa kwamba nimetumia hela nyingi na ningemwona amenidanganya. Miaka yote miwili mimi naogopa kumuumiza, yeye anaogopa kunivunja moyo, na tumelala vyumba vinavyotazamana.

Hajaamua bado, na sijamsukuma. Swali la Kikapu kuhusu mekanika na umeme nalo nilimpa, na jana alikwenda kwa mwalimu mmoja na pepa tatu alizofanya mwenyewe. Ila jana hiyo hiyo aliniomba cheti chake cha kidato cha nne. Kilikuwa kwenye sanduku la mama Muheza. Mama atakituma kwa basi la asubuhi, kesho nakwenda stendi ya Magufuli Mbezi kukipokea. Tabibu_wa_zamu, ukipata nafasi niandikie pembeni, ana maswali yake mengi na ameshayaandika kwenye karatasi.