Choa cha kinenani kinatulia, kisha kinarudi kipana zaidi

Kijana wa Mashua, Shela

Asalaam aleikum. Naandika hapa kwa sababu naona haya kuuliza ana kwa ana. Mimi ni baharia, nashinda na kaptula mbichi ya maji ya chumvi toka asubuhi hadi magharibi. Tangu kaskazi ilipoanza nimetokwa na choa kinenani, kwanza kulia, kisha kushoto. Kilikuwa duara, ukingo umeinuka na una magamba, katikati pamepoa. Usiku kinawasha hata usingizi hauji. Duka moja la dawa walinipa tyubu. Nikipaka, mwasho unakatika mara moja. Nikiacha, kinarudi, na sasa kimeshuka pajani na kuzunguka hadi makalioni, wala duara halionekani tena. Tyubu imeandikwa betamethasone, gentamicin na clotrimazole. Mwenzangu chomboni ananiambia nisugue ndimu na chumvi. Mwingine anasema ni ugonjwa wa zinaa, na mimi nimeoa juzi tu. Nisaidieni.

Binti Langoni

Ndimu usiiguse kaka! Ngozi ya hapo ni nyembamba, itachubuka na utashindwa hata kutembea. Na kikoi cha kujifutia mnachopeana chomboni kiacheni, kila mtu awe na chake.

Muuguzi wa Mokowe

Wa aleikum salaam mwanangu. Kazi yangu ni uuguzi na tatizo hili naliona sana, hasa kwa mabaharia, wavuvi na wachimba mawe. Usione haya.

Kwanza, choa si ushahidi kwamba mtu ametoka nje ya ndoa. Ni kuvu, mara nyingi aina iitwayo Trichophyton rubrum, inayokula ngozi ya juu iliyokufa na kupenda joto na unyevu. Huambukiza kwa kugusana ngozi, kwa taulo na nguo, na zaidi ya yote kutoka kwenye miguu ya mtu mwenyewe. Hebu tazama katikati ya vidole vyako vya miguu, hasa kile kidogo na jirani yake. Pakiwa peupe, pamelowa na panachanika, chanzo ni hapo. Kila ukivaa chupi unapitisha nguo kwenye kuvu na kuipandisha kinenani. Basi utapaka dawa juu mpaka uchoke, na mbegu iko chini.

Sasa hiyo tyubu. Naomba unisikilize vizuri, maana hili linaniuma kila siku. Betamethasone ni steroidi. Inazima mwasho na wekundu kwa kuituliza kinga ya ngozi, ile ile inayopigana na kuvu. Wewe unaona umepona, kuvu inatambaa. Ndiyo maana duara limepotea. Hata daktari anaweza kushindwa kulitambua akikuona leo. Na ukizidi kupaka, hapo kwenye mikunjo ya mapaja ngozi hupata michirizi isiyoondoka maisha. Iache leo. Jua kwamba siku chache za mwanzo mwasho unaweza kupanda kwa ukali, usirudi kwenye tyubu kwa sababu hiyo. Zile zenye clobetasol ni kali zaidi, usikubali.

Choa kidogo kisichoguswa na steroidi hutosha krimu ya clotrimazole peke yake ya asilimia 1, asubuhi na usiku, ukipitisha vidole viwili nje ya ukingo, na kuendelea wiki mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Watu wengi huacha mwasho unapokoma, na hapo ndipo hurudi. Cha kwako kimeenea, pengine kitataka vidonge. Nenda hospitali ya King Fahd pale mjini Lamu, waombe wakukwangue magamba ya ukingoni wayatazame kwa hadubini, na wakupime sukari pia, kwa kuwa kisukari hulea kuvu. Vidonge vinavyotumika ni kama terbinafine au itraconazole. Ukipewa griseofulvin, imeze na chakula chenye mafuta, wali wa nazi unafaa. Lakini vidonge vya ketoconazole vikatae kwa adabu: vinadhuru ini, na Ulaya walishauri visitumike tena kwa kuvu tangu 2013.

Kama mfuko wa korodani wenyewe ni mwekundu na una vidonda, mwambie daktari, kwa sababu choa kwa kawaida huuruka. Huenda ikawa kuvu ya aina nyingine.

Kijana wa Mashua, Shela

Ami, Mungu akuweke. Nimetazama vidoleni, kweli pamechanika, mguu wa kulia zaidi. Nilidhani ni maji ya bahari. Je, na udhu? Natawadha mara tano, miguu haikauki. Na mke wangu?

Muuguzi wa Mokowe

Tawadha kama kawaida, shida si maji bali kuvaa viatu miguu ikiwa mbichi. Kuwa na kitambaa kidogo cha miguu pekee, pitisha katikati ya kila kidole. Kisha krimu vidoleni pia, siku zile zile unazopaka kinenani. Viatu vya pamoja vya msikitini, nenda na vyako. Ukishuka chomboni jimwagie maji baridi ya kisima au ya mfereji, jikaushe kinena kwanza na miguu mwisho, kisha vaa kikoi kikavu. Kaptula mbichi usikae nayo hata kwa chai. Chupi na taulo zifuliwe kwa maji ya moto, zianikwe juani na zipigwe pasi kwenye mishono.

Mkeo ajitazame kinena, chini ya matiti na miguu. Akiwa na doa, mtibiwe siku moja. Kama ana mimba, amwambie daktari kabla ya kumeza kidonge chochote. Krimu ya clotrimazole yeye anaweza kupaka.