Wazee wa kijiji chetu wanataka ghala la zamani la kahawa liwe kituo cha mchana. Tupite njia gani halmashauri?

KatibuWazee_Upare

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Mimi ni mama, mwalimu mstaafu wa miaka 66, katibu wa baraza la wazee la kijiji huku milima ya Upare. Naomba msaada wa mtu anayezijua njia za halmashauri, maana tumeandika barua tatu na zote zimejibiwa "tutalifanyia kazi".

Wazee wengi huku wanaishi peke yao au na wajukuu. Watoto wako Dar na Arusha, tunawaona Desemba. Kila Jumatano tunakutana chini ya mparachichi nje ya ofisi ya kijiji. Mvua ikinyesha tunaahirisha, na ninyi mnaoijua milima hii mnajua masika inavyokaa. Choo ni kimoja tu, cha shimo, cha kuchuchumaa, na mlangoni kina kizingiti kirefu.

Nimekuja kugundua kwamba siku ya Jumatano wazee wengi hawanywi chochote tangu asubuhi. Kuna bibi wa miaka 81, mimi namwita Mama kwa sababu ndiye aliyenifundisha kusuka vikapu. Mwezi uliopita nilimpa kikombe cha uji wa moto. Akakishika kwa mikono miwili mpaka uji ukaganda juu. Nikamwuliza, Mama, mbona hunywi? Akaninong'oneza: "Nikinywa nitataka choo. Nikichuchumaa siinuki. Nani aingie kuniinua?" Nilirudi nyumbani na sauti ile, na mpaka leo ninayo.

Hatuombi jengo kubwa. Karibu na barabara kuna ghala ambalo chama chetu cha msingi cha ushirika kilikuwa kinapokelea kahawa. Limekaa tupu miaka mingi. Kuta ni za mawe, imara kabisa. Bati ndilo limeoza upande wa magharibi. Tunataka bati jipya, mteremko badala ya zile ngazi tatu, choo cha kukaa chenye vyuma vya kushikilia ukutani, simtanki la maji ya mvua, na mabenchi yenye migongo. Basi.

Nilipofika wilayani, afisa mmoja aliniuliza kwa nini wazee wetu wasipelekwe makazi ya wazee ya Njoro, Moshi. Nikakosa la kusema. Sasa nauliza: hili ni jambo la halmashauri au la wizara? Na linaingiaje kwenye bajeti?

MtendajiMstaafu

Mwalimu, pole na hongera. Nimekuwa mtendaji wa kata, nitakwambia ninavyoijua kazi yenyewe.

Kwanza, jina ndilo limekuponza. Ukiandika "kituo cha wazee", afisa anasoma "makazi ya wazee". Makazi kama Njoro, Nunge kule Kigamboni au Fungafunga Morogoro ni ya serikali kuu, kwa wazee wasio na mtu wa kuwatunza, na wanalala humo. Ninyi hamtaki kulala, mnataka pa kukutania na kurudi majumbani. Andika "ukumbi wa baraza la wazee na huduma za mchana". Hapo huo ni mradi wa kijiji, na halmashauri haina pa kuusukumia. Tena Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, itaje kwenye aya ya kwanza.

Pili, hapa ndipo miradi mingi inafia: ghala si la kijiji, ni mali ya chama cha ushirika. Hakuna mweka hazina atakayesaini fedha za halmashauri ziende kwenye jengo la watu wengine, na akisaini mkaguzi atamuuliza. Kabla ya barua ya nne, nendeni kwenye mkutano mkuu wa wanachama wa chama, waridhie kwa maandishi kukabidhi jengo au kulikodisha kwa kijiji kwa miaka mingi. Afisa ushirika wa wilaya atawaelekeza vibali vinavyotakiwa. Wengi wa wanachama hao ni nyinyi wenyewe wazee, kwa hiyo ugumu hautakuwa mkubwa.

Tatu, barua si njia. Njia ni muhtasari. Mradi uibuliwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, uandikwe na kugongwa muhuri, upelekwe kamati ya maendeleo ya kata ambako diwani ndiye mwenyekiti, ndipo uende halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini madiwani wanapitisha bajeti mapema mwaka huohuo. Ukifika Machi umechelewa, unasubiri mwaka mwingine. Mradi uwe umetoka kijijini kabla ya Desemba.

Kibonde_wa_Same

Mama, kwa nini msichukue ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri? Fedha zipo.

MtendajiMstaafu

Hapana ndugu yangu, usimpoteze Mwalimu. Asilimia 10 ni mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Wazee kama kundi hawamo, na mkopo haujengi choo cha kijiji. Mfuko wa Jimbo, ule wa mbunge, ndio unaofaa kuombwa, unasaidia sana kumalizia kazi ambayo wananchi wameshaianza. Pigeni msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, hata wa siku mbili, vijana wasombe mawe na mchanga, mpige picha. Mradi ulioanza unapata fedha kuliko mradi wa karatasi.

Nesi_Zahanati

Shikamoo Mwalimu. Hilo la kutokunywa maji ninaliona kila wiki. Bibi anakuja kichwa kinazunguka, mkojo mweusi, ukimuuliza anasema alikuwa na safari. Wengine wanaacha hata dawa za presha siku ya mkutano kwa sababu zinawapeleka haja ndogo mara kwa mara.

Ongeza kitu kimoja kwenye andiko: chumba kidogo chenye meza na mlango unaofungwa. Mkiwa nacho, muombeni mganga mfawidhi siku yenu iingizwe kwenye ratiba ya huduma za mkoba, tuwapime presha na sukari palepale. Kwenye kikao cha kata mtakuwa mnazungumzia afya, na nimeona madiwani wanavyosikiliza afya.

Na choo, nakuomba sana, mlango ufungukie nje. Mzee akianguka ndani ya choo ambacho mlango unafungukia ndani, mwili wake ndio unaouzuia.

KatibuWazee_Upare

Marahaba mwanangu. Hilo la mlango nisingeliwaza kamwe, nimeshampigia fundi.

Mtendaji, nimemwonyesha mwenyekiti wetu maneno yako. Amekaa kimya kidogo, kisha akasema yeye ni mwanachama wa chama cha msingi tangu 1974 na kadi yake ipo sandukuni. Tumehesabu: kwenye baraza letu wenye kadi ni kumi na mmoja. Tunaandika ombi la ajenda ya mkutano mkuu wa chama Jumatano hii, na mkutano wa kijiji ni mwisho wa mwezi.

Swali moja limebaki. Chama kikikubali kukodisha badala ya kukabidhi, halmashauri itataka mkataba wa miaka mingapi ndipo iweke fedha? Mama ameniuliza, anataka kujua kama atakiona.