Nimefunga shokapu ndefu kwenye krola, sasa linalala kila likipita jiwe la ubavu. Nimekosea wapi?

TopeMpakaBodi
Wakuu habari za saa hizi, naombeni ushauri maana hii kitu imenichosha. Nina krola, kigari cha rimoti cha kutambaa kwenye mawe, ukubwa wa 1/10 ya gari halisi, modeli SCX10 II, wilibesi (toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma) 313 mm, tairi na mota sijagusa. Kuna jiwe moja lilikuwa linanitesa, tumbo la gari linakaa juu yake tairi zinazunguka hewani, nikasema dawa hapa ni kulinyanyua tu. Basi nikatoa shokapu zangu za 90 mm nikafunga za 110 na springi ngumu ili lisibonyee, likasimama kama twiga, nililipenda hadi nikalipiga picha.

Sasa likipita kwenye jiwe lililoinama ubavu linalala, tena pale pale nilipokuwa napita zamani bila hata kuwaza. Afu nikivuta triga ya rimoti kuongeza mwendo, bodi inainama upande mmoja na tairi moja ya mbele inanyanyuka kabla gari halijasogea hata kidogo. Kwenye mwinuko mkali nyuma inaruka ruka kama chura. Na nikilibeba mkononi ekseli zikaning'inia, nikazungusha tairi, propela ya nyuma, ile fimbo inayopeleka nguvu kwenye ekseli, inagonga tak tak tak. Nilikuwa nataka niongeze springi ngumu zaidi na oili nzito, au nitafute ekseli pana, mnasemaje?

KiziboChaOili
Mkuu oili yako ya shokapu nyepesi hiyo. Mwaga hiyo 30 weka 80 gari litatulia, mi langu nilifanya hivyo na halikulala tena.

fundi_linki
TopeMpakaBodi usinunue kitu chochote kwanza, weka pochi chini. Yote uliyoyataja yana mama mmoja, hizo milimita 20.

Tuanze na kulala. Gari linalala pale uzito wake unapovuka tairi ya chini, sasa chukua mfano uzito uko 90 mm kutoka chini na toka katikati ya gari hadi katikati ya tairi ni 100, kwa hesabu gari linaanguka kwenye nyuzi 48. Upandishe uzito hadi 105 tu, inashuka mpaka nyuzi 43 na kitu, na hapo bado hujahesabu bodi kuinama, ikiinama uzito nao unahamia upande wa kuangukia, kwaiyo ukweli ni mbaya kuliko hesabu.

Kuruka kama chura: angalia linki za chini za nyuma, zile fimbo zinazounganisha ekseli na chasisi, kabla zilikuwa karibu zimelala sasa zimesimama. Ekseli ikisukuma gari mbele kupitia linki iliyosimama inasukuma na bodi juu, shokapu inanyooka, tairi inapoteza mshiko, bodi inarudi chini, inashika, inasukuma tena. Ndo huyo chura wako.

Na hiyo tak tak ni krosi za propela, yale maungio yake yanayokunja, pembe imekuwa kali kupita zinavyoweza kukunja. Usiendeshe hivyo, itakatika siku uko mbali na boksi la spana.

KiziboChaOili samahani kaka lakini oili haibebi uzito. Gari likisimama kwenye ubavu halisogei, oili inafanya kazi pale pistoni inapotembea tu. Ukiweka 80 unachelewesha kulala, huzuii.

KiziboChaOili
Kuchelewesha ndo ninachotaka mimi, nusu sekunde inanitosha kukata usukani nijiokoe. Tusidharauliane.

fundi_linki
Hapo nimekuelewa, sijadharau mtu. Ila kwa mwenzetu haitatibu.

babu_wa_gia
Vijana. Kabla ya kubishana, je kuna aliyemwuliza gari lina uzito gani mbele na nyuma? Mwanangu chukua mizani ya jikoni, weka tairi mbili za mbele juu yake, za nyuma ziwekee kitabu chenye kimo sawa na mizani, soma. Kisha geuza. Halafu tafuta ubao, weka gari juu yake, nyanyua ubao taratibu upande wa ubavu wa gari mpaka lianze kulala, na simu ikiwa juu ya ubao inasoma nyuzi, mkono uwe karibu usije ukavunja bodi. Leta namba, bila namba hapa tunapiga ramli.

TopeMpakaBodi
Babu shikamoo, nimepima. Mbele gramu 1,290, nyuma 1,340. Kwenye ubao limelala nyuzi 37. Nimerudia mara tatu upande wa kulia ni 37, kushoto 38.

babu_wa_gia
Marahaba. Umeona sasa. Krola linalopanda linataka mbele kuzito, wengi tunalenga kama 60 kwa 40, maana kwenye mwinuko uzito wote unakimbilia nyuma wenyewe. Wewe umeanza na nyuma nzito tayari. Betri iko wapi?

TopeMpakaBodi
Nyuma babu. Niliihamishia huko ili mbele paonekane pasafi nikifungua boneti 😅

babu_wa_gia
Irudishe.

Mpapasa_Mawe
Mi nachangia kwenye ile ya bodi kuinama ukivuta triga, maana hiyo ilinisumbua mwaka mzima. Propela inapozungusha ekseli, ekseli nayo inaizungusha chasisi upande wa pili, ndo maana ni upande uleule kila siku, jaribu rivasi utaona inainamia kule kwingine. Shokapu ndefu zinafanya ionekane sana kwa sababu uzito umepanda. Magari yenye gia kwenye tairi kama TRX-4 hayana sana hiyo shida, kupunguza mwendo kunamalizikia kule kwenye tairi kwaiyo propela inabeba nguvu ndogo. Sisi wengine tunapunguza kwa kukaza springi ya ile kona inayozama, mizunguko michache tu ya ile ringi ya shokapu inayobana springi. Mi ningeanza na hiyo.

fundi_linki
Hiyo ya springi iwe ya mwisho kabisa. Mtu akianza kukaza kona moja wakati gari bado ni twiga atahangaika mpaka kesho.

Sikia TopeMpakaBodi, shokapu zako za 110 zisitupe. Zifungue, toa pistoni, kata kipande cha mpira wa silikoni cha 10 mm, kivike kwenye rodi CHINI ya pistoni, rudishia. Sasa shokapu haiwezi kunyooka zaidi ya 100. Afu hizo springi ngumu toa, weka laini kabisa, gari likisimama lenyewe rodi iwe imeingia nusu au zaidi. Hapo tairi inashuka shimoni kwa uzito wa ekseli na bodi inabaki chini, yaani urefu unautumia kwa kushuka badala ya kupanda. Ukimaliza libonyeze mpaka chini na usukani umekata mwisho, kulia na kushoto, tairi isile bodi. Na uzungushe propela kwa mkono ekseli zikining'inia, ikigonga bado ongeza mpira mpaka inyamaze.

Kingine ile fimbo ya kukingama mbele, inayoshika ekseli isitembee pembeni, itazame pamoja na ile ya usukani. Zote mbili zinatakiwa zilale sambamba. Kama moja imesimama kuliko nyingine tairi zitakuwa zinajikata zenyewe kila ekseli ikipanda.

Mpapasa_Mawe
Na shaba! Vifuniko vya shaba kwenye maungio ya tairi za mbele, huo uzito uko chini kabisa haupandi na bodi. Gari la mbio lingeharibika kwa uzito wa hivyo, letu linatambaa halina haraka.

KiziboChaOili
Kwa springi laini hivyo atapenda oili yangu, mtaniambia.

TopeMpakaBodi
Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya. Nimefanya kama fundi_linki alivyosema ila mpira wa 10 propela ikawa bado inagusa kidogo, nikaweka 13, kimya. Shokapu ya kwanza ilinichukua saa nzima na oili nikaimwaga kwenye shati, ya nne dakika kumi. Springi laini, betri mbele, shaba gramu 190 mbele. Fimbo mbili za mbele kweli zilikuwa zimeachana, nikahamisha tundu moja zikakaa sawa.

Mizani: mbele 1,640, nyuma 1,180. Ubao: nyuzi 45 kulia, 45 kushoto. Chura kafa. Na KiziboChaOili nimekubali, kwa 30 lilikuwa linayumba kama limelewa likishuka jiwe, nimeweka 50 limetulia.

Lile jiwe la kwanza nimepita. Ila niseme ukweli, nimepita kwa kuweka tairi ya kushoto juu yake badala ya kulipitisha katikati ya miguu, ningeweza kufanya hivyo toka siku ya kwanza na shokapu zangu za 90.

Kuinama kwenye triga kumebaki kidogo.

KiziboChaOili
😎

babu_wa_gia
58 kwa 42. Inatosha, usiongeze shaba mpaka ekseli ilie.

Mpapasa_Mawe
Sasa ndo ukaze ile ringi. Kona inayozama, mizunguko miwili, jaribu, mwingine mmoja kama bado. Ukiona ubao unakupa namba tofauti kulia na kushoto umezidisha.

TopeMpakaBodi
Sawa jioni nafungua. Ila skrubu moja ya juu ya shokapu nimeila kichwa, ufunguo wa pembe sita unazunguka tu ndani. Mnaitoaje?

fundi_linki
Gongea ufunguo wa nyota wa saizi inayobana, kwa nyundo ndogo, pole pole. Ukigoma pasha skrubu moto kwanza kwa pasi ya kusolda, gundi inayoshika skrubu inalainika. Ila pole pole usije ukachoma mpira niliokuambia ukate.